Caleb Williams aliangushwa mara 68: tazameni katikati ya ukuta

Jumapili ya tarehe 10 Novemba 2024 washabiki wa Chicago Bears, timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Marekani, waliizomea timu yao wenyewe uwanjani Soldier Field, na walikuwa na haki. New England Patriots walifika Chicago wakiwa wameshinda mechi 2 tu msimu mzima, wakaondoka na ushindi wa 19-3. Caleb Williams, kwotabeki (mpiga pasi mkuu) kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi, ya Aprili mwaka huohuo, aliangushwa mara 9. Ilikuwa mechi ya pili mfululizo Bears kumaliza bila tachidauni, lile bao kubwa la mchezo huu, hata moja, maana wiki moja kabla walichapwa 29-9 na Arizona. Siku 2 baada ya mechi ile ya Patriots, kocha wa mashambulizi Shane Waldron alifutwa kazi.

Mimi ninafundisha vijana wa mstari wa mbele katika shule ya sekondari hapa Illinois: wale wavulana wakubwa ambao hawagusi mpira na ambao majina yao husikika tu wanapokosea. Basi msimu ule, iwe baada ya ibada, iwe harusini, iwe kwenye kundi letu la WhatsApp la Waafrika Mashariki, swali lilikuwa lilelile: kocha, kosa ni la nani? Wengine walisema walinzi wa pembeni ni wabovu, watafutwe wengine. Wengine walisema kijana anakaa na mpira mno. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini karibu wote walikuwa wanatazama pembeni, na mimi kila niliporudia picha za mechi niliona tatizo linaanzia katikati.

Nieleze kidogo kwa anayeujua mpira wa miguu na raga lakini si huu wa Marekani. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Kila jaribio linaanza senta anapoupitisha mpira katikati ya miguu yake kumpa kwotabeki. Senta yuko katikati ya watu 5. Kulia na kushoto kwake kuna magadi wawili, na nje ya magadi kuna walinzi wawili wa pembeni. Kwenye raga ukimzuia mpinzani asiyekuwa na mpira ni kosa na filimbi inalia. Hapa kumzuia ndiyo kazi yenyewe. Hao 5 ndio ukuta, na muda wanaotakiwa kuununua si mwingi: kati ya sekunde 2 na nusu na 3, kwotabeki awe ameshaona, ameshaamua na ameshautoa mpira. Akikamatwa na kuangushwa nao mkononi, timu inarudi nyuma yadi kadhaa na jaribio limeliwa.

Kwa nini nasema katikati? Mvamizi, yaani mpinzani anayemkimbilia kwotabeki, akitokea pembeni, kwotabeki ana dawa. Mlinzi wa pembeni akijua kazi yake hamsimamishi mtu wake kabisa. Anamsukuma azunguke mbali, apite nyuma ya kwotabeki. Kwotabeki anapiga hatua moja mbele, mvamizi anapita mgongoni kwake bila kumgusa, na pasi inatoka. Lakini hatua hiyo moja mbele inahitaji iwepo nafasi mbele. Gadi au senta akisukumwa hadi mapajani pa kwotabeki, hakuna pa kukanyaga. Hawezi kuhamishia uzito kwenye mguu wa mbele, kwa hiyo pasi inakosa nguvu. Hamwoni mpokeaji wa pasi anayekatiza katikati. Kinachobaki ni kurudi nyuma au kukimbilia pembeni, na kule pembeni ndiko aliko yule mvamizi ambaye mlinzi wake alikuwa anamzungusha vizuri tu. Kwenye televisheni mnaona mtu wa pembeni ndiye amemwangusha. Mtangazaji anamtaja mlinzi wa pembeni. Washabiki wanamtukana. Ilhali gadi ndiye aliyelivunja jaribio sekunde moja kabla, na hakuna aliyemtazama.

Katikati ya Bears mwaka 2024 ilikuwa pagumu kupaita ukuta. Senta Coleman Shelton ndio kwanza alikuwa amehamia kutoka Los Angeles Rams. Gadi wa kushoto, Teven Jenkins, ni mwenye nguvu kweli, lakini mwili wake haukumruhusu kucheza mfululizo. Upande wa kulia walipishana Nate Davis, Matt Pryor na Ryan Bates, na Davis aliachwa katikati ya msimu. Watu wakisikia orodha kama hiyo hufikiria habari ya vipaji. Mimi hufikiria kwanza habari ya mazoea, kwa sababu kazi hii haifanywi na mtu mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tazama ujanja mmoja ambao timu pinzani ziliwapigia mara kwa mara. Mvamizi wa ndani anaanza kwa kumgonga gadi begani, halafu anajitupa nje na kuziba njia ya mlinzi wa pembeni. Wakati huohuo mvamizi wa nje anasita hatua moja, anapita nyuma ya mwenzake na kuchomoka ndani, pale gadi alipokuwa. Gadi akimfuata mtu aliyemgonga, mlango uko wazi. Anachotakiwa kufanya ni kumsindikiza yule wa kwanza kwa mkono hadi mlinzi wa pembeni amchukue, kisha ageuze macho ndani kabla ya miguu, amkute wa pili anakuja. Hayo yote katika muda wa kupepesa macho mara 2. Na yanawezekana tu ikiwa gadi na mlinzi wa pembeni wako kina kimoja. Mmoja akiwa amerudi nyuma kuliko mwenzake hata nusu hatua, watagongana wakati wa kupokezana, na mvamizi atapita katikati yao. Ndiyo maana mazoezini nawasimamisha wavulana wangu wawili wawili, namwambia kila mmoja ashike mkanda wa mwenzake kwa mkono mmoja, na warudi nyuma pamoja bila mkanda kuvutika. Mkanda ukivutika tunaanza upya. Hakuna kijana anayelipenda zoezi hilo, na hakuna ninalolithamini zaidi. Kwenye ligi kubwa jozi iliyozoeana haihitaji hata kusemezana. Jozi iliyokutana wiki iliyopita inajaribiwa kwa ujanja huo huo tena na tena, mpaka ionyeshe kwamba imeujua.

Kabla ya hapo kuna kazi nyingine isiyoonekana. Mpira ukiwa bado chini, senta anaitazama safu ya wapinzani, anahesabu, anamnyooshea kidole mpinzani mmoja wa safu ya pili. Huyo ndiye mwanzo wa hesabu. Kutoka kwake kila mmoja wa wale 5, pamoja na mkimbiaji aliyesimama karibu na kwotabeki, anajua mtu wake ni yupi. Hesabu ikianzia kwa mtu asiye sahihi, unaweza kuona walinzi wawili wanamshika mtu mmoja huku mwingine anapita bila kuguswa. Jukwaani inaonekana kama uvivu. Kumbe kila mmoja ametimiza alichoambiwa. Kwotabeki mzoefu huisahihisha hesabu hiyo kwa neno moja kabla mpira haujatoka. Chicago walikuwa na kwotabeki wa mwaka wa kwanza, senta mgeni, na kocha wa mashambulizi mgeni. Watu watatu wanaotakiwa kulizungumza jambo hilo kwa lugha moja walikuwa hawajakaa pamoja Chicago hata mwaka mmoja.

Halafu kuna sehemu ya Williams mwenyewe, na sitaificha kwa sababu nampenda. Alimaliza msimu ameangushwa mara 68, zaidi ya kwotabeki mwingine yeyote mwaka ule. Alirusha pasi 562, kwa hiyo ukijumlisha, zaidi ya mara 1 katika kila 10 alizorudi nyuma kupiga pasi aliishia chini. Ukuta mbovu peke yake haufikishi hapo. Chuoni USC, ambako alitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2022, alizoea kuzunguka nyuma, kuwakwepa watu wawili na kumpata mpokeaji sekunde ya 5. Kwenye ligi wale wavamizi wana kilo 120 na bado wanakimbia kama yeye. Kuna mara nyingi alikuwa na pasi fupi mbele ya macho akaiacha, akisubiri ile ndefu.

Lakini tazameni namba nyingine: yadi 3,541, tachidauni 20, na pasi 6 tu zilizonaswa na wapinzani. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza kwenye timu iliyoshinda mechi 5 na kupoteza 12, hizo 6 ni ajabu. Kwangu, 6 na 68 ni namba ndugu. Kijana aliamua kwamba hataitupa pasi asiyoiamini, na akailipia kwa mbavu zake. Ukimtaka auachie mpira haraka, lazima kwanza umpe mpango ambamo mpokeaji anageuka kuutazama mpira kwotabeki anapokanyaga hatua ya mwisho, si nukta moja baadaye. Msimu ule mara nyingi alimaliza hatua zake, akatazama, na mpokeaji bado amempa mgongo. Hapo hakuna mlinzi wa mbele duniani anayeweza kumsaidia.

Na kuna jambo la jaribio la tatu. Ukikimbia na mpira mara ya kwanza ukapata yadi 1, ukafanya kosa la kuwahi kuondoka ukarudishwa 5, mara ya pili ukapata 2, unafika jaribio la tatu ukiwa na yadi 12 za kutafuta. Uwanja mzima unajua itapigwa pasi. Wavamizi hawana tena haja ya kujali mkimbiaji, wanashuka kama mvua. Mtu akiniambia ukuta umeshindwa jaribio la tatu, namuuliza lile la kwanza lilikwendaje.

Hasira za washabiki zilikuwa na historia nyuma yake. Mwezi Septemba 2021 Justin Fields, kwotabeki kijana aliyemtangulia Williams, alianza mechi yake ya kwanza huko Cleveland akaangushwa mara 9. Mwaka uliofuata aliangushwa mara 55. Bears wana taji la msimu wa 1985 linaloimbwa hadi leo, lakini hadi Williams anafika walikuwa hawajawahi kuwa na kwotabeki aliyefikisha yadi 4,000 katika msimu mmoja. Rekodi ya klabu, 3,838, ilikuwa ya Erik Kramer tangu 1995. Mshabiki wa Chicago alipomwona huyu mpya yuko chini kwenye nyasi kwa mara ya saba, alikuwa anaona kitu alichokwisha kukiona.

Anachokiogopa kina jina: David Carr. Houston Texans walimchagua wa kwanza mwaka 2002, msimu wao wa kwanza kabisa kwenye ligi, wakamweka nyuma ya ukuta uliookotwaokotwa. Aliangushwa mara 76. Hiyo bado ni rekodi. Mwaka 2005 tena mara 68. Kinachoharibika kwanza kwa kijana wa namna hiyo ni macho, hata kabla ya mwili. Badala ya kuwatazama wapokeaji yadi 15 mbele, anaanza kuyashusha na kuwatazama wanaomjia. Akishazoea kuwatazama wao, hata siku ukuta ukisimama imara haoni mpokeaji aliye huru. Mimi nimeona tabia hiyo kwa wavulana wa miaka 16, na kuiondoa huchukua muda mrefu kuliko kuijenga.

Wapo wanaonipinga kwa kumtaja Joe Burrow. Ni kweli, mwaka 2021 aliangushwa mara 51 na bado akaifikisha Cincinnati kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Lakini ikumbukeni mechi ile ya Februari 2022 ilivyoisha. Aliangushwa mara 7, na kwenye jaribio la mwisho la nne, yadi 1 tu ikitafutwa, Aaron Donald alimfikia akamzungusha, pasi ikadondoka, Rams wakashinda 23-20. Donald alikuwa mvamizi wa ndani. Alipita katikati.

Rudi Chicago. Mechi 10 mfululizo walizopoteza zilianzia Washington tarehe 27 Oktoba, pasi ya kubahatisha ya sekunde ya mwisho ilipowazamisha 18-15. Kabla ya hapo, wakiwa mlangoni kabisa pa tachidauni, benchi la ufundi liliagiza mpira apewe Doug Kramer, mlinzi wa akiba wa mstari wa mbele, naye ukamponyoka. Mimi ni kocha wa watu hao na ningefurahi kuliko yeyote kumwona mmoja wao anafunga. Lakini si pale, si wakati ule. Siku ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani mwezi Novemba, huko Detroit, Bears wakiwa nyuma 23-20 na wanasogea, Williams aliangushwa zikiwa zimebaki sekunde 30 na kidogo. Walikuwa na haki ya kuomba muda usimame. Hawakuomba. Saa ikakimbia, mpira ukarushwa mara moja tu, mechi ikaisha. Kesho yake kocha mkuu Matt Eberflus akafutwa, jambo ambalo klabu hiyo ilikuwa haijawahi kulifanya katikati ya msimu. Tarehe 26 Desemba, wakilala 6-3 mbele ya Seattle, uwanja uliimba kuwataka wenye timu waiuze.

Nakiri kuna siku ambayo pembeni ndiko kulikowaka moto. Tarehe 16 Desemba huko Minnesota, Kiran Amegadjie, kijana kutoka chuo cha Yale aliyekuwa ameumia na kukosa maandalizi ya msimu, alianza kwa mara ya kwanza upande wa kushoto akateketezwa mbele ya nchi nzima. Yaliyosemwa juu yake usiku ule yalinihuzunisha. Unapompeleka mwanafunzi huko bila kumwekea mtu wa kumsaidia, aliyefeli ni aliyempeleka.

Sasa tazameni walichofanya viongozi Machi 2025, baada ya kumwajiri Ben Johnson kutoka Detroit kuwa kocha mkuu. Walimleta Joe Thuney kutoka Kansas City awe gadi wa kushoto. Walimleta Jonah Jackson kutoka Rams awe gadi wa kulia. Walimsajili Drew Dalman kutoka Atlanta awe senta. Wote watatu ni wa katikati. Kulia pembeni alibaki Darnell Wright, na kushoto pembeni, pale ambapo kila mshabiki alitaka nyota, msimu mzima walipishana Braxton Jones, Theo Benedet na Ozzy Trapilo. Na bado Williams aliangushwa mara 24. Kutoka 68. Alifikisha yadi 3,942, rekodi ya Erik Kramer ikaanguka baada ya miaka 30, Bears wakashinda mechi 11, wakaongoza kundi lao, wakawatoa Green Bay 31-27 kwenye mtoano.

Johnson naye ana sehemu yake kubwa. Alimrudisha kwotabeki aanze mgongoni kabisa mwa senta mara nyingi zaidi, akalazimisha mbio zifanye kazi kwanza, halafu akatumia mbio hizo kama danganyo. Mvamizi anayelazimika kujiuliza kama ni mbio au pasi anachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde kwenye kazi yetu ni utajiri. Williams mwenyewe alijifunza kuitupa nje mipira isiyo na tija. Ndiyo maana asilimia ya pasi zake zilizofika ilishuka hadi chini ya 60 wakati timu inapanda, na wanaomhukumu kwa asilimia hiyo peke yake wanamwonea.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza kila Jumatatu, nakuomba kitu kimoja kwa mechi ijayo. Majaribio 10 ya kwanza usiufuate mpira. Weka macho kwa wale watatu wa katikati tangu senta anyooshe kidole, na uhesabu moja, mbili. Ikiwa hadi mbili miguu yao bado iko mstari mmoja na mbele ya kwotabeki kuna nafasi ya hatua moja, halafu akaangushwa, hapo muulize yeye, wapokeaji wake na kocha wake. Ikiwa mmoja wa watatu amekwisha kurudishwa hadi miguuni pake, mwache kijana, na mlinzi wa pembeni mwache pia.